Timu ya Taifa na King'amuzi cha Shangazi

Mwaka 1980 Taifa Stars walikwenda Lagos kucheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, mara ya kwanza katika historia yetu, na ukiacha waliosafiri nao, karibu hakuna mtu wa Tanzania Bara aliyewaona wakicheza. Zanzibar walikuwa na televisheni yao tangu 1973. Sisi wa Bara tulikuwa watu wa redio, na tuliendelea kuwa watu wa redio hadi 1994 vituo binafsi vilipoanza kurusha picha. Tulifungwa 3-1 na Nigeria, 2-1 na Misri, tukatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast, tukarudi nyumbani. Waziri aliyekaa Oysterbay na mkulima wa maharage wa Kasulu walizipata habari hizo kwa njia moja: masikioni.

Mimi sikuwa nimezaliwa, kwa hiyo siupambi wakati huo kwa kuukumbuka. Nautaja kwa sababu moja tu. Wakati hakuna aliyekuwa na picha, swali la nani ana haki ya kuona lisingeweza hata kuulizwa. Stars waliporudi kwenye fainali hizo Misri mwaka 2019, miaka 39 baadaye, lilikuwa limeshakaa sebuleni. Picha zilikuwepo, nzuri kabisa, za kamera nyingi. Ila kati ya jicho la Mtanzania na mguu wa Samatta palikuwa na kisanduku cheusi chenye taa nyekundu, na kadi, na namba ya kulipia.

Sasa swali lenyewe, nililiweke wazi kabla sijaanza kulizunguka: mtu asiye na hela ya kifurushi, je, ana haki ya kuiona timu ya nchi yake ikicheza? Sisemi huruma. Nasema haki, kitu ambacho akinyimwa anaweza kusimama na kudai.

Zipo nchi zilizojibu ndiyo, zikaliandika jibu hilo kwenye sheria. Uingereza wana orodha ya mashindano yanayolindwa chini ya Sheria ya Utangazaji ya 1996: fainali za Kombe la Dunia, Olimpiki, fainali ya Kombe la FA, fainali za Wimbledon, hata mbio za farasi. Michuano ya wanawake, yaani Kombe la Dunia na Euro, iliongezwa kwenye orodha hiyo 2022 tu, na ukitaka kujua nchi inamhesabu nani, tazama imechukua miaka mingapi kumwandika. Afrika Kusini, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki ya 2005, kifungu cha 60, inawakataza watangazaji wa kulipia kujifungia matukio ya kitaifa ya michezo kiasi cha kuvizuia vituo vya bure. India walikuja na yao 2007: ukiwa na haki za matangazo ya tukio la michezo lenye uzito wa kitaifa, lazima ugawane mawimbi na shirika la utangazaji la umma, na mapato ya matangazo ya biashara kwenye televisheni yanagawanywa, mwenye haki akipata asilimia zisizopungua 75.

Angalia kwamba hakuna hata moja kati ya sheria hizo inayosema mpira usiuzwe. Zinasema uuze, ila usiufungie ndani.

Kwetu Kibondo sheria hizi zingesomeka kama hadithi. Nimezaliwa huko, nikasoma sekondari Kasulu nikikaa kwa shangazi, na mpira wa televisheni niliujulia mahali ambapo kila Mtanzania wa rika langu nje ya Dar aliujulia: kibanda umiza. Kwa msomaji aliyekulia kwenye sofa, kibanda umiza ni chumba cha mabati au matofali ya kuchoma, mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo, televisheni moja juu karibu na dari, turubai dirishani ili walioko nje wasichungulie bure. Mia tano mechi ya kawaida, elfu moja ikiwa ni watani wa jadi. Jina linajieleza, mgongo unaumia, masikio yanaumia, na ukiwa shabiki wa timu iliyofungwa unaumia mara ya tatu. Umeme wa miji yetu hadi miaka michache iliyopita ulitoka kwenye majenereta ya dizeli ya TANESCO, mbali na gridi ya taifa, na mwenye kibanda makini alikuwa na jenereta lake dogo nyuma ya ukuta. Likizima dakika ya 80, ungesikia maneno ambayo hayamo kwenye kamusi ya TUKI.

Nimekaa kwenye mabenchi hayo miaka mingi, na nadhani mjadala wote wa haki ya kuona uanzie pale, maana pale ndipo watu walishajitungia jibu lao bila Bunge. Mtu mmoja analipia, mia wanatazama. Kwa kanuni za kampuni hilo ni kosa: kifurushi cha nyumbani si cha kukatia tiketi. Kwa kanuni za kijiji, ni kama kisima. Nilipomuuliza mzee mmoja mwenye kibanda Kibondo anaonaje kama serikali ingelazimisha mechi za Stars zionyeshwe bure, alinitazama kama mtu aliyetumwa kuja kumfilisi. "Kijana wangu," akasema, "bure ya serikali huwa inapita kwa nani? Huku kwetu ikifika, imeshakatika." Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba hata hivyo wengi hawana televisheni, kwa hiyo watakuja tu.

Hoja yake ya kwanza ina ukweli mchungu. Usiku wa tarehe 24 Januari 2024 nilikuwa Kasulu kwa shangazi. Stars walikuwa Korhogo, Ivory Coast, mechi ya mwisho ya kundi dhidi ya Kongo, saa tano usiku kwa saa zetu. Tulishapigwa 3-0 na Morocco, tukatoka 1-1 na Zambia, tukishinda tunapita. Shangazi ana televisheni na king'amuzi cha antena, kile cha chaneli za bure. Tulikizungusha, tukaipandisha antena kwenye mti, tukaiteremsha. Kioo kikaendelea kuandika kwamba hakuna mawimbi. Nyumba yake iko nyuma ya kilima, na kilima hakijasoma sheria yoyote. Tukawasha redio.

Waingereza, katika hiyo sheria yao, waliliona hili: chaneli haikuhesabiwa kuwa ya bure kwa ajili ya orodha mpaka iweze kuwafikia asilimia 95 ya wananchi. Kipengele kidogo, lakini kwa mtu wa nyanda za juu za Kigoma ndicho roho ya sheria nzima. Kusema kitu ni bure huku hakifiki ni sawa na kutangaza kwamba maji ya Malagarasi ni bure kwa watu wa Dodoma.

Sisi wenyewe tumewahi kuuonja mkanganyiko huu. Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, mikoa mingine ikafuata, na ghafla televisheni ya bure ikahitaji king'amuzi cha kununua. Kisha Agosti 2018, TCRA ikawaamuru wenye ving'amuzi vya dishi, Azam, DStv na Zuku, waondoe chaneli za ndani za bure, kwa kuwa leseni zao zilikuwa za maudhui ya kulipia na wateja walikuwa wakitozwa kuona kile ambacho sheria ilisema ni bure. Kimantiki TCRA walikuwa sahihi. Huwezi kuuza hewa. Lakini mtu aliyeko nyuma ya kilima, ambaye mnara wa ardhini haumfikii na dishi ndilo lililokuwa njia yake pekee ya kuona taarifa ya habari ya ITV, siku hiyo alilindwa haki yake hadi akaikosa. (Shaaban Robert aliiweka Kusadikika angani. Nikiitazama sekta ya utangazaji naona alikuwa anaandika habari, tena mapema, 1951.)

Turudi kwenye haki. Rafiki yangu mmoja, mchumi, husema mpira ni starehe, na starehe hainaga haki. Haki ni maji, dawa, shule. Hospitali zetu zina upungufu, unataka sheria ya kutazama mpira? Ni hoja inayomnyamazisha mtu haraka, ndiyo maana naitilia shaka. Adam Smith, huyo huyo ambaye wachumi wanamtaja kama mtume, aliandika mwaka 1776 kwamba mahitaji ya lazima hayaishii kwenye vile vinavyomfanya mtu asife. Alitoa mfano wa shati la kitani: Wagiriki na Warumi waliishi vizuri tu bila hilo, lakini katika Ulaya ya siku zake kibarua angeona aibu kutoka mbele za watu bila kulivaa. Kwa hiyo shati lile lilikuwa hitaji, kwa sababu jamii imelifanya liwe tiketi ya kusimama na wenzako.

Nenda kijiwe cha bodaboda Kasulu asubuhi baada ya mechi ya Stars. Usiponiamini, nenda sokoni. Mtu ambaye hakuona anasimama pembeni kidogo, anacheka wenzake wakicheka, kwa kuchelewa sekunde moja. Hilo ndilo shati lenyewe.

Lakini nisijipe ushindi rahisi. Mchumi wangu atajibu: redio ipo. TBC Taifa inasikika, mtu atajua matokeo, atajua nani kakosa, ataongea kijiweni kama wengine. Na ni kweli, redio ilitulea. Simba walipofungwa na Stella Abidjan fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, hapo hapo Dar es Salaam mbele ya Rais Mwinyi, Bara bado hatukuwa na kituo hata kimoja cha televisheni, na hakuna mtu wa umri ule ambaye hakulia kwa sababu hakuona. Watangazaji kama marehemu Charles Hilary walimpa mtu uwanja mzima kwa mdomo. (Yeye mwenyewe alipita Redio Tanzania, akaenda BBC, akaja kumalizia kazi ya mpira Azam. Safari ya mpira wetu unaweza kuisoma kwenye ajira za mtu mmoja.)

Kwa hiyo kama redio ilitosha 1980, mbona isitoshe leo? Nimelifikiria jibu kwa muda mrefu kuliko linavyostahili. Nadhani ni hili: redio ilitosha kwa sababu ilikuwa yetu sote. Leo ni foleni ya waliobaki. Sauti ni ile ile, aliyekaa upande wa pili wake ndiye aliyebadilika, maana anajua kwamba mwingine anaona. Hapo hapo, lakini, hoja yangu inakuwa na hatari. Nikisema kila ambacho wenzako wanacho na wewe huna kimekuvunjia haki, basi kesho nitadai gari. Lazima pawe na mpaka.

Mpaka ninaouona uko kwenye jina. Timu ile inaitwa Taifa Stars. Inaingia uwanjani na bendera, inaimba wimbo wetu, na ikifungwa tunaambiwa tumefungwa, wingi, bila mtu yeyote kutuuliza kama tunakubali kujumuishwa. Thamani ya mechi yenyewe sokoni inatokana na sisi. Kampuni inanunua haki za matangazo kwa sababu inajua mamilioni tunaipenda, yaani inanunua mapenzi yetu kwa mtu mwingine, halafu inatuuzia sisi. Kwenye biashara nyingine zote hili lisingekuwa na ubaya. Soda nayo inauzwa kwa sababu tunaipenda. Lakini soda haijawahi kusimama ikaimba Mungu Ibariki Afrika kwa niaba yangu.

Kwa kipimo hicho orodha yangu ingekuwa fupi. Taifa Stars na Twiga Stars, mechi za mashindano. Timu za vijana zikifika Kombe la Dunia, kama Serengeti Girls walivyofika robo fainali kule India 2022, na nawauliza wasomaji wanaume: mechi zile mliziona ngapi? Dabi ya Kariakoo ningeiacha nje, na najua nitatukanwa kuanzia Utopolo hadi Makolo. Simba na Yanga ni klabu za wanachama. Haki za Ligi Kuu ziliuzwa kwa Azam 2021, shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi, na pesa hiyo si ya kubeza. Mkoa wetu una Mashujaa kwenye ligi tangu msimu wa 2023/24, na kutoka Kigoma hadi uwanja wowote wa ugenini ni safari ya kuvunja mifupa na bajeti. Ukilazimisha ligi nzima ionyeshwe bure, wa kwanza kulala njaa hatakuwa Yanga.

Kuna kundi la katikati linalonisumbua. Yanga walipofika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika 2023 dhidi ya USM Alger, na Simba 2025 dhidi ya Berkane, ghafla walikuwa wawakilishi wa nchi. Rais alinunua kila goli. Viongozi walivaa jezi. Basi, nasema, dola ikishaikopesha klabu jina la nchi, mkopo huo uandikwe pande zote mbili: usiku huo na mama wa Kakonko aone.

Kwa nini nasema mama? Kwa sababu kibanda umiza, pamoja na mapenzi yangu yote kwake, ni kisima cha wanaume. Shangazi anajua mpira kunishinda. Ile usiku ya Kongo ndiye aliyesema mapema kwamba tunacheza kama watu wanaoogopa kupita. Lakini saa tano usiku hawezi kutoka kwenda kubanana kwenye benchi na vijana waliokunywa, na akienda, kesho mtaa mzima utakuwa na maneno. "Mwanangu," aliniambia, akiweka redio karibu na sikio, "nyie mnakwenda kuona. Sisi mnakuja kutusimulia." Matangazo ya bure yanayofika nyumbani kwa mwanaume ni urahisi, kwake ni mlango pekee.

Hoja yangu ya jina ilikuwa imenitosha mpaka usiku ule ule, na kilichoitikisa kilikuwa wilaya hiyo hiyo ya Kasulu. Nyarugusu iko hapo. Kambi ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, na wapo vijana waliozaliwa ndani yake, wakakua, wakaoa, bila kuiona Kongo. Wale walikuwa na timu uwanjani Korhogo. Mechi iliisha 0-0. Sisi tukatoka, Kongo wakapita kwa sare tatu na mwishowe wakamaliza wa nne Afrika. Sasa, kwa kipimo cha jina, mkimbizi wa Nyarugusu anamdai nani? Tanzania haichezi kwa niaba yake. Kongo inacheza kwa niaba yake, lakini sheria ya Kinshasa haivuki ziwa. Na bado, nikiwaza usiku ule nani alikuwa na uhitaji mkubwa zaidi wa kuona zile dakika 90, jibu silo mimi. Kwangu Stars ni nyongeza juu ya nchi niliyonayo. Kwake wale kumi na mmoja ndio nchi yenyewe, yote iliyobaki, inayotembea.

Kwa hiyo nakubali kwamba jina halitoshi, ingawa siliachi. Linaeleza kwa nini naweza kudai. Halielezi kwa nini kumfungia mwingine kunanikera hata akiwa hana dai. Hapa ndipo nayapenda mawimbi ya bure kwa namna ambayo hata Smith hakuifikiria: hayaulizi kitambulisho. King'amuzi cha kulipia kinataka jina, namba ya simu, salio. Mawimbi ya bure yanaingia kwa Muha, kwa Mrundi wa Nduta, kwa Mkongo, kwa shangazi, na hayajui yameingia kwa nani. Ndiyo sababu pia wauzaji wa haki hawayapendi, maana haki huuzwa nchi kwa nchi, na mawimbi yanayotoka kwenye setilaiti hayajui mpaka wa Manyovu uko wapi.

Limebaki suala la nani alipe, na hapa siamini serikali kuliko ninavyoamini kampuni. Argentina walinunua mpira wote wa ligi kwa fedha za umma kuanzia 2009, wakauita mpira wa wote, na wote wakauona, pamoja na matangazo ya kuisifu serikali kila mapumziko, mpaka mpango ulipofutwa 2017. Nikiwaza mpango kama ule ukiletwa kwetu mwaka wa uchaguzi, nalipa kifurushi mwenyewe haraka. Njia ya India inanivutia zaidi: mwenye haki auze anavyotaka, apate fungu lake kubwa, ila mechi chache za orodha azigawane na chaneli ya umma, na chaneli hiyo ipimwe kwa kilima cha Kasulu badala ya mnara wa Mikocheni.

AFCON ya 2027 inakuja huku kwetu, Tanzania, Kenya na Uganda. Uwanja mpya Arusha unajengwa kwa kodi, na kodi hiyo imo kwenye sukari anayonunua shangazi. Mzee wa kibanda Kibondo nilimpigia wiki iliyopita kumuuliza anajiandaaje. Ameagiza mabenchi kumi na mbili, ya mbao ya mninga, na safari hii, akasema, yatakuwa na egemeo.